Makala Ndani ya Kitabu: Kukamilisha Marejeleo Pungufu Yanayotolewa na Programu za Kusomea Biblia

Utangulizi

Makala haya yanahusu jambo ambalo wasimamizi wa tasnifu hulilalamikia kila msimu wa kuwasilisha kazi unapowadia, nalo ni marejeleo ya makala yasiyokamilika. Hatukusudii kuzungumzia marejeleo ya kila aina. Tutajifunga kwa yale yanayonakiliwa moja kwa moja kutoka katika programu za kusomea Biblia, kwa sababu chombo hiki kimeingia katika utafiti wa Kiswahili kimyakimya, na wanafunzi wengi hukitumia bila ya kuelekezwa na yeyote.

Yamkini msomaji atauliza: mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili anatafuta nini humo? Anayechambua riwaya za Euphrase Kezilahabi, kuanzia Rosa Mistika (1971) hadi Nagona (1990) na Mzingile (1991), hukutana na mwangwi wa Biblia na hana budi kujua unatoka wapi. Anayeshughulikia historia ya tafsiri hutaka kuiweka aya ya tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952 kando ya aya iyo hiyo katika Biblia Habari Njema. Mimi mwenyewe nachunguza msamiati wa tafsiri katika Kiswahili na Chidigo, na sehemu kubwa ya kazi yangu ya nyanjani imefanyika Gazi, kijiji cha pwani ya kusini katika Kaunti ya Kwale, takriban kilomita 50 kutoka Mombasa. Wenyeji wengi wa Gazi ni Waislamu, na wazee wameniuliza kwa upole, zaidi ya mara moja, sababu ya kubeba Biblia nne ndani ya tarakilishi. Huwajibu kwamba nafuata maneno. Sadaka, nabii na imani ni maneno yaliyokuwa vinywani mwa Waislamu wa pwani hii kabla ya Johann Ludwig Krapf kushuka Mombasa mwaka 1844, na kila mfasiri wa Biblia aliyekuja baadaye aliyakuta yakimngoja.

Faida kubwa ya programu hizi mahali kama Gazi ni kwamba zikishapakuliwa hazihitaji mtandao. Kamusi elezo yenye juzuu sita hukaa ndani ya kipakatalishi pamoja na majarida ya miaka mingi, nawe ukaisoma barazani umeme ukiwa umekatika. Lakini ukitaka kuhakiki namba moja tu ya ukurasa katika nakala ya karatasi, huna budi kupanda matatu hadi Likoni, uvuke kwa feri, na pengine uendelee hadi Kilifi kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Pwani, au Nairobi kabisa. Kwa mtafiti wa huku, rejeleo pungufu si suala la nukta na mkato. Ni nauli na siku nzima. Kwa mtahini, ni ushahidi asioweza kuufikia, na ana haki ya kuukataa.

Kuna na lingine ambalo kwa maoni yangu ni zito kuliko nauli. Rejeleo linapokatika, majina hayadondoki kwa bahati nasibu. Jina la mhariri mkuu hubaki, jina la mchapishaji hubaki, na anayepotea ni yule aliyeandika kurasa zenyewe unazozinukuu. Katika taaluma za pwani, mara nyingi huyo ndiye mwenyeji.

Programu hurejelea kile inachokihifadhi

Ili kuelewa dosari hii, yafaa tujue programu inakiona nini inapofungua kitabu. Kwetu sisi wasomaji, makala ni kazi kamili: yana mwandishi, kichwa, mwanzo na mwisho. Kwa programu, kazi kamili ni faili, na aghalabu faili moja ni kitabu kimoja au mkusanyiko mzima wa jarida. Kila faili hubeba kitambulisho chake: jina la kitabu, mhariri, mchapishaji, mji na mwaka. Ukinakili aya na kuibandika katika tasnifu, programu huchukua kitambulisho hicho, huongeza ukurasa ikiwa inaujua, na kukutengenezea tanbihi. Mwandishi wa makala hutokea katika tanbihi hiyo iwapo tu aliyetayarisha faili alilitia alama jina lake mahali makala yanapoanza. Asipofanya hivyo, programu haina njia ya kujua kwamba kitabu kina waandishi mia kadhaa.

Tuchukue mfano wa Anchor Bible Dictionary, kamusi elezo inayotumiwa sana katika masomo ya Biblia. Ilichapishwa na Doubleday mwaka 1992 kwa juzuu sita, mhariri wake mkuu akiwa David Noel Freedman. Katika nakala ya karatasi, jina la mwandishi wa kila makala huwekwa mwishoni mwa makala hayo, si mwanzoni. Kila juzuu nayo huanza upya hesabu ya kurasa. Sasa tuseme faili imezikusanya juzuu zote sita chini ya kitambulisho kimoja, na mwanafunzi akanakili maelezo kuhusu mji wa Gaza. Anachopata ni kitu kama 'Freedman 1992: 912'. Rejeleo hilo lina kasoro tatu kwa mpigo. Freedman hakuandika makala hayo, kichwa cha makala hakipo, na ukurasa wa 912 unapatikana katika zaidi ya juzuu moja, kwa hiyo anayefuata rejeleo hilo atafungua juzuu baada ya juzuu akibahatisha.

Kwa bahati njema kasoro ya juzuu inatibika bila ya kwenda popote, kwa sababu kamusi imepangwa kialfabeti. Juzuu ya kwanza ina A hadi C, ya pili D hadi G, ya tatu H hadi J, ya nne K hadi N, ya tano O hadi Sh, na ya sita Si hadi Z. Kidahizo 'Gaza' hakiwezi kuwa kwingine ila juzuu ya pili. Jina la mwandishi nalo hupatikana kwa kuteremka hadi mwisho wa makala badala ya kunakili aya na kuondoka. Ni wachache wanaoteremka hadi huko.

(Naongeza hapa, kwa faida ya atakayefuata nyayo zangu, kwamba jina Gazi lina mitego yake. Katika programu ya Biblia utafutaji unaolegeza tahajia hukurudishia Gaza. Katika hazina za majarida utapata maandishi mengi sana ya Chuo Kikuu cha Gazi kilichoko Ankara, Uturuki, pamoja na tafiti za mikoko ya Ghuba ya Gazi, ambazo ni nyingi kwa kuwa taasisi ya utafiti wa bahari ya Kenya, KMFRI, ina kituo hapa. Na katika baadhi ya maandishi ya Kizungu ya karne ya 19 kijiji huandikwa Gasi.)

Sheikh Mbaruk na vitabu tunavyojitengenezea

Baadhi ya programu hizi humruhusu mtumiaji kuongeza vitabu vyake mwenyewe. Wanafunzi wa Kiswahili wameipenda nafasi hiyo, nami siwalaumu: ukishaziingiza makala zako, unaweza kulitafuta neno moja katika Biblia na katika maandishi ya wataalamu kwa wakati mmoja. Hapa lakini anayejaza kitambulisho ni wewe, na dosari ikitokea hakuna kampuni ya kulaumiwa.

Mfano ulio karibu zaidi na Gazi ni makala kuhusu Sheikh Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, aliyeifanya Gazi kuwa makao yake, akapambana na Waingereza mwaka 1895 na 1896, kisha akavuka kuingia katika himaya ya Wajerumani na kufariki Dar es Salaam mwaka 1910. T. H. R. Cashmore aliandika wasifu wake, nao ukatokea katika kitabu Leadership in Eastern Africa: Six Political Biographies, kilichohaririwa na Norman R. Bennett na kuchapishwa na Boston University Press mwaka 1968. Ukiijaza fomu ya programu kwa kuchagua aina ya 'kitabu', fomu haitakuuliza habari ya Cashmore. Itakuuliza mwandishi au mhariri wa kitabu, utaandika Bennett, na hapo Cashmore na Sheikh Mbaruk watakuwa wametoweka kwa pamoja. Atakayeisoma orodha yako ya marejeleo hatakuwa na dalili yoyote kwamba ndani ya kitabu hicho mna historia ya Gazi. Fomu inayofaa ni ile ya 'sura ya kitabu' au 'makala katika kitabu', yenye nafasi mbili za majina: ya mwandishi na ya mhariri.

Jina la Sheikh mwenyewe linahitaji uangalifu. Limeandikwa Mbaruk, Mbarak, Mubarak na M'baruk, kutegemea aliyeandika na lugha aliyoizoea. Programu ambayo hukata jina kwa kulichukua neno la mwisho kuwa jina la ukoo itamwita Rashid katika 'Mbaruk bin Rashid', ilhali Rashid ni baba yake. Zaidi ya hayo, katika vita vile vya 1895 walikuwapo watu wawili wenye jina lilo hilo la Mbaruk bin Rashid, mmoja wa Takaungu na mmoja wa Gazi, wote Wamazrui na wote upande mmoja wa mapambano. Programu inayounganisha majina yanayofanana itawafanya mtu mmoja. Nimependelea kuandika 'Mbaruk bin Rashid (Gazi)' katika vidokezo vyangu vyote, hata kama mtindo wa marejeleo hauutaki mabano hayo; huyaondoa mwishoni.

Hali kadhalika majina ya wataalamu wetu. Katika jina Ahmed Sheikh Nabhany, neno Sheikh limo katikati ya jina, halikutangulia kama cheo. Programu iliyofundishwa kuondoa vyeo inaweza kulifuta, na ile iliyofundishwa kuhifadhi majina mawili ya mwisho ikaandika 'Sheikh Nabhany, A.' Katika tasnifu moja huyo mtu mmoja anaweza kutokea mara mbili katika orodha, kana kwamba ni ndugu wawili.

Jarida moja, namba mbili

Sasa tufike kwenye chanzo cha marejeleo pungufu ambacho ni chetu hasa sisi watu wa Kiswahili. Jarida la Swahili Forum lilianza mwaka 1994 likiwa ndani ya jarida jingine, Afrikanistische Arbeitspapiere, maarufu kwa kifupisho AAP, lililokuwa likitolewa Köln, Ujerumani. Kila toleo kwa hiyo lilikuwa na namba mbili. Swahili Forum I ya mwaka 1994 ndiyo AAP 37. Swahili Forum II ya 1995 ni AAP 42, III ya 1996 ni AAP 47, IV ya 1997 ni AAP 51, V ya 1998 ni AAP 55, VI ya 1999 ni AAP 60, na VII ya mwaka 2000 ni AAP 64. Mpangilio huo uliendelea miaka michache zaidi. Kuanzia namba 11 ya mwaka 2004 jarida linasimama peke yake.

Fomu ya programu ina nafasi moja ya juzuu. Mwanafunzi mmoja ataandika 'AAP 64', mwenzake ataandika 'Swahili Forum 7', na wa tatu, ambaye alinakili kutoka kwao wote wawili, atakuwa na makala mawili tofauti katika orodha yake ilhali ni yale yale. Mbaya zaidi ni anayeandika 'Swahili Forum 64'. Hilo ni toleo ambalo halijawahi kuwapo, na mkutubi ataulizwa alitafute.

Njia ninayoipendekeza ni hii. Katika nafasi ya jina la jarida andika Afrikanistische Arbeitspapiere. Katika nafasi ya juzuu andika 64. Katika nafasi ya toleo, ambayo katika mitindo mingi huchapwa ndani ya mabano, andika maneno yote 'Swahili Forum VII'. Rejeleo litatoka likiwa 'Afrikanistische Arbeitspapiere 64 (Swahili Forum VII)', na msomaji ataweza kulipata kwa kutumia jina lolote kati ya hayo mawili. Wapo watakaosema kwamba nafasi ya toleo ni ya tarakimu tu. Programu nyingi hazikatai maneno, na mimi naona heri fomu ilalamike kuliko msomaji apotee.

Jarida la Kiswahili la Dar es Salaam lina tatizo la aina nyingine. Mizizi yake iko katika Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930. Shughuli za kamati hiyo zikaja kuingia chini ya Chuo Kikuu mwaka 1964, chombo tulichokijua kwa miaka mingi kama TUKI, na mwaka 2009 TUKI ikaingizwa katika TATAKI. Katika safari hiyo chapisho limebadili jina zaidi ya mara moja, kutoka majina marefu ya Kiingereza hadi Swahili, na kutoka Swahili hadi Kiswahili, huku hesabu ya juzuu ikiendelea. Baadhi ya programu hujaribu kusaidia kwa kuyabadilisha majina yote ya zamani kuwa jina la leo. Msaada huo uzime. Makala yarejelewe kwa jina lililokuwa katika jalada siku yalipochapishwa, na jina la taasisi liwe lile la wakati huo, vinginevyo utajikuta umeandika TATAKI kuwa mchapishaji wa kitu cha mwaka 1975.

Mgombato na waandishi wanne

Kazi ninayoirejelea kuliko zote hapa Gazi ni Mgombato, kamusi ya Chidigo, Kiingereza na Kiswahili iliyochapishwa Nairobi na shirika la BTL mwaka 2004. Waandishi wake ni wanne: Joseph Mwalonya, Alison Nicolle, Steve Nicolle na Juma Zimbu. Steve Nicolle baadaye, mwaka 2013, alichapisha sarufi ya Chidigo peke yake. Tayari unaona hatari iliyopo. Programu ikiwa na mwandishi mmoja wa Chidigo katika kumbukumbu zake, yaani Nicolle, na ikapewa kamusi ambayo jina la Nicolle limo, si vigumu kwa kamusi nzima kuishia mikononi mwake bila ya yeye kutaka wala kujua.

Sababu ya kawaida, hata hivyo, ni mkato. Tuseme umehamisha rejeleo kutoka programu moja hadi nyingine, kwa mfano hadi Zotero, chombo cha bure cha kutunzia marejeleo kilichoanza mwaka 2006. Majina manne yakiwa yameandikwa katika mstari mmoja na kutenganishwa kwa mikato, programu inayopokea itachukua kilichotangulia mkato wa kwanza kuwa jina la ukoo, na yote yanayofuata kuwa majina ya kwanza ya mtu huyo mmoja. Utapata mtu wa ajabu aitwaye 'Mwalonya, J. N. A. N. S. Z. J.' Mhariri wa tasnifu akiona herufi hizo atazipunguza, na Juma Zimbu atakuwa amekwisha.

Dawa yake ni kulifungua faili lenyewe. Programu kubwa kadhaa huweza kutoa marejeleo katika muundo uitwao RIS. Faili la RIS ni maandishi matupu. Lifungue kwa programu yoyote ya kuandikia maandishi ya kawaida nawe utaona mistari inayoanza kwa alama mbili mbili. TY ni aina ya chapisho, AU ni mwandishi, A2 ni mhariri, TI ni kichwa cha makala, T2 ni jina la jarida au la kitabu kilichoyabeba makala, VL ni juzuu, IS ni toleo, SP ni ukurasa wa kwanza, EP ni wa mwisho, PY ni mwaka. Kanuni ni kwamba kila mwandishi awe na mstari wake wa AU. Waandishi wanne, mistari minne. Aidha tazama mstari wa TY: ukisema BOOK kwa kitu ambacho ni makala katika kitabu, programu itakayopokea haitakuwa na pa kuweka kichwa cha makala, hata kama umekiandika vizuri. Ubadilishe uwe CHAP. Kwa makala ya jarida uwe JOUR. Nimeona marejeleo yaliyohangaikiwa kwa saa nyingi yakitengemaa kwa kubadili neno hilo moja.

Ndani ya matini ya tasnifu, mtindo wa APA wa toleo la saba (2019) hutaka kazi yenye waandishi watatu au zaidi itajwe kwa jina la kwanza tu, yaani 'Mwalonya na wenzake (2004)'. Hilo halina ubaya maadamu orodha ya mwisho inawataja wote wanne. Toleo hilo huruhusu hadi majina ishirini katika orodha. Hakuna kisingizio cha nafasi.

Kabla ya kuanza kutengeneza

Kuna ukaguzi mfupi ambao ungepaswa kutangulia yote tuliyoyasema, nao ni kujua kama habari haipo kweli au imefichwa tu. Mitindo ya tanbihi fupi huacha mambo mengi kwa makusudi, na rejeleo la pili la kazi iyo hiyo hufupishwa zaidi. Badilisha mtindo kwa muda hadi ule unaotoa tanbihi ndefu kamili, kisha unakili tena. Kichwa cha makala kikitokea, hakukuwa na ugonjwa. Pili, angalia umenakili kutoka wapi. Aya iliyonakiliwa kutoka katika orodha ya matokeo ya utafutaji huweza kubeba kitambulisho cha kitabu peke yake. Fungua makala yenyewe, kisha unakili humo. Tatu, fikiria umri wa faili. Watayarishaji wa vitabu hivi husahihisha vitambulisho baada ya kuvitoa, na mtu aliyekaa miezi sita bila ya kuunganisha tarakilishi yake na mtandao anaweza kuwa anahangaika na dosari iliyokwisha kurekebishwa. Ukifika Ukunda au Msambweni penye mtandao wa kuaminika, sasisha vitabu kwanza.

Ukishajua kwamba habari haipo, itengeneze katika kumbukumbu ya rejeleo, usiitengeneze katika tanbihi. Hili nalisisitiza kwa sababu karibu kila mtu hufanya kinyume. Anayeandika jina la Cashmore kwa mkono katika tanbihi ataliona likifutika mara tu programu itakapozipanga upya tanbihi zote, na huenda asitambue hadi kazi imekwisha kuchapwa na kujalidiwa.

Kuhusu mwaka, jihadhari na mwaka wa faili. Tafsiri ya Muungano ni ya 1952, lakini nakala ya kidijitali huweza kuonyesha mwaka wa hati miliki ya baadaye, na mchambuzi wa historia ya lugha atakayeutumia mwaka huo atakuwa ameyasogeza maneno ya katikati ya karne ya 20 hadi mwishoni mwake. Vifupisho vya vitabu vya Biblia navyo hukoroga kidogo. Programu iliyowekwa kwa Kiingereza huvitambua Isa., Dan. na Lk. kwa kuwa vinafanana, ikaviacha Kut., Mdo. na Ufu. kama maandishi mafu. Mwandishi huona nusu ya marejeleo yake yakifunguka na nusu hayafunguki, akadhani programu imeharibika. Badilisha lugha ya marejeleo katika mipangilio kama nafasi hiyo ipo. Kama haipo, achana nalo, halidhuru tasnifu.

Vitabu visivyo na namba za kurasa ni shida ya kweli. Usibuni ukurasa, wala usiandike namba ya mahali ambayo programu huonyesha pembeni mwa skrini, kwa maana namba hiyo haina maana kwa asiye na programu hiyo. Taja kichwa cha sehemu na aya: 'sehemu ya pili, aya ya nne'. Juzuu ikikosekana na kidahizo hakikusaidii kuikisia kwa uhakika, andika wazi kwamba nakala ya kidijitali haikuionyesha. Mtahini atakubaliana na pengo lililokubaliwa, hatakubaliana na namba iliyobuniwa.

Kwa hayo yatakayosalia, nimezoea kuwa na daftari moja. Kila rejeleo lenye pengo huingia humo pamoja na jina la maktaba ambako nakala ya karatasi inapatikana na kitu kimoja tu kinachokosekana: juzuu, ukurasa wa mwisho, au mwandishi. Orodha ikifika marejeleo kumi au kumi na tano, inastahili safari ya Mombasa. Kwa yale yaliyoko Nairobi, mwombe mwanachama mwenzako aliyeko huko apige picha tatu kwa simu: ukurasa wa jina la kitabu, ukurasa wa kwanza wa makala na ukurasa wa mwisho. Mwambie asisahau ule wa mwisho, hasa kwa kamusi elezo ambazo mwandishi hutia jina lake huko chini.